Umeme wa Lori Ukitoka Nje ya Chasisi: Nani Mwenye Mpaka?

Lori halinunuliwi ili litembee tu. Linanunuliwa lifikishe samaki bila kuoza, lizungushe zege lisigande, likandamize taka, linyanyue makontena, lipige maji kwenye moto au limpandishe fundi juu ya nguzo. Kwa miaka mingi kazi hizo zote zilipata nguvu mahali pamoja, kwenye injini ya dizeli. Fundi wa bodi alifunga PTO, kifaa cha kuchota nguvu ya injini, kwenye giaboksi, PTO ikazungusha pampu ya haidroliki, kazi ikaenda. Friji nayo ilipewa kiinjini chake kidogo cha dizeli mbele ya bodi. Aliyekosea kufunga alivujisha mafuta, alikata mkanda au aliunguza alternata. Hasara ilikuwepo, lakini ilikuwa nadra fundi kufa kwa kushika waya, maana umeme wa lori la dizeli ni wa volti 24.

Lori la umeme limebadili hali hiyo. Betri yake kubwa ina volti 600, 700, na kwa baadhi ya malori 800. Betri hiyohiyo inalisha mota ya magurudumu, kompresa ya hewa ya breki, pampu ya usukani, kiyoyozi na mfumo wa kuipoza betri yenyewe. Kisha anakuja fundi wa bodi na friji yake, kreni yake au pipa lake la zege, naye anauliza swali la haki: mimi nichukue umeme wapi?

Vifaa vya kujibu swali hilo vipo, na viwango vya kimataifa vinavyoviongoza vipo pia. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba hatari iliyo kubwa zaidi haikai ndani ya betri wala ndani ya friji. Inakaa pale viwili hivyo vinapokutana, mahali ambapo mtengenezaji wa lori anaona kazi yake imekwisha na mtengenezaji wa bodi anaona yake haijaanza. Mpaka huo usipochorwa mapema na kupewa mwenyewe, kila upande unaweza kufanya kazi yake kwa ukamilifu na mtu bado akaumia.

Kwa nini swali limetufikia sasa

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowataka watengenezaji wa magari mazito mapya kupunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 45 kufikia 2030, asilimia 65 kufikia 2035 na asilimia 90 kufikia 2040, ikilinganishwa na viwango vya 2019. Uingereza, kuanzia Aprili 2022, iliziondolea friji za malori ruhusa ya kutumia dizeli nyekundu yenye kodi ndogo. Kiinjini cha friji, ambacho zamani hakuna aliyekihesabu, sasa kinaonekana kwenye vitabu vya gharama.

Malori yenyewe yamekwisha kuingia kazini. Mwaka 2019 mamlaka ya usafi ya jiji la Hamburg ilipokea lori la taka la Volvo FE Electric, na mwaka 2021 zimamoto ya Berlin ilianza majaribio ya gari la umeme la Rosenbauer. Mercedes-Benz imeleta eActros 600, lenye betri za kilowati-saa 621 na safari ya kilomita 500 kwa chaji moja. Magari haya yanafanya kazi zile ambazo lazima umeme utoke nje ya mfumo wa kuendesha: kukandamiza taka, kupiga maji, kupoza mzigo.

Afrika Mashariki haiko mbali na habari hii. BasiGo ilianza kuendesha mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022, kisha ikaingia Kigali. Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ilijulikana kwanza kwa kuzitoa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kuweka mota na betri. Na sisi tuna desturi ya muda mrefu ya kununua chasisi na kuipeleka kwa mafundi wetu wajenge bodi. Mabasi, matangi na malori ya friji mengi yanayopita barabara za Mombasa, Dar es Salaam, Arusha na Thika yamepitia mikononi mwao. Chasisi za umeme zikianza kushuka bandarini, mafundi hao ndio watakaozipokea.

Mtego wa kebo nyembamba

Umeme wa volti kubwa unatumika kwa sababu za hesabu tu. Chukua pampu ya haidroliki inayohitaji kilowati 20. Ukiilisha kwa volti 24, itavuta ampea 833. Kebo ya kubeba ampea hizo ni nene kama mkono wa mtoto, nzito na ya bei kali. Ukiilisha kwa volti 700, itavuta ampea 29 tu, na kebo inapita mahali padogo kwenye fremu bila kelele.

Wembamba huo ndio unaodanganya. Kwenye lori la dizeli fundi amezoea kuiogopa kebo nene, ile ya betri hadi stata, na kuzidharau nyembamba. Hapa mambo yamegeuka. Mwili wa binadamu una ukinzani wa takribani omu 1,000, mara nyingine zaidi, mara nyingine pungufu kutegemea jasho na mahali umeme unapoingilia. Volti 700 zikipita mwilini zinaweza kusukuma miliampea 700, ilhali vifaa vya kulinda watu majumbani hukata umeme miliampea 30 zinapovuja. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia usalama wa magari ya umeme, inahesabu kuwa volti kubwa huanza pale umeme wa DC unapozidi volti 60 au wa AC unapozidi volti 30. Kebo zote za kundi hilo huvikwa rangi ya chungwa ili jicho lizitambue kabla mkono haujafika.

DC ina tabia nyingine ambayo fundi wa umeme wa nyumba hajaizoea. Umeme wa AC wa ukutani hurudi kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche inayotokea swichi inapofunguka hupata nafasi ya kuzimika. DC haina nafasi hiyo. Plagi ya volti 700 ikichomolewa huku mzigo unavuta, cheche huendelea kuwaka katikati ya vyuma na kuviyeyusha. Ndiyo maana fyuzi na swichi za upande huu lazima ziwe zimeandikwa wazi kwamba zinahimili DC ya volti hizo. Fyuzi ya AC yenye ampea zilezile, hata kama inatoshea kwenye kishikio, haiwezi kuaminiwa kuukata moto huo.

Kila mmoja amefaulu, lori limefeli

Tuingie ndani zaidi kwenye jambo moja, kwa sababu linaonyesha tatizo la mpaka kuliko maelezo yoyote.

Umeme wa volti kubwa wa lori haufungwi kwenye chasisi. Nguzo zote mbili za betri, chanya na hasi, huelea zikiwa zimehamiwa kabisa na vyuma vya gari. Faida yake ni kwamba waya mmoja ukichubuka na kugusa fremu, hakuna njia kamili ya umeme kurudi, na mtu anayeegemea gari hapigwi. Hatari kamili huja kosa la pili likitokea kwenye nguzo nyingine. Kwa hiyo lori hubeba kifaa kinachopima uhami muda wote, ili kosa la kwanza ligunduliwe kabla halijapata mwenzake.

Kanuni namba 100 inaweka kima cha chini. Pale mzunguko wa DC na wa AC vinapokuwa vimeunganishwa, uhami kwa kawaida uwe angalau omu 500 kwa kila volti. Namba hiyo ina maana yake: omu 500 kwa volti ni sawa na kuruhusu miliampea 2 tu zivuje. Kwa lori la volti 700, kima cha chini ni omu 350,000.

Sasa tuseme chasisi imetoka kiwandani ikiwa na uhami wa omu 1,000,000. Imefaulu vizuri sana. Mtengenezaji wa bodi naye amepima mota yake ya kuzungusha zege, inveta yake ya kugeuza DC kuwa AC, na kebo zake, akapata omu 500,000. Naye amefaulu. Vifaa viwili vikiungwa kwenye mtandao mmoja, njia za kuvuja zinakuwa mbili sambamba, na uhami wa jumla unashuka hadi omu 333,000. Lori limefeli. Taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi, pengine gari linakataa kuwaka kabisa, na dereva amesimama kwenye eneo la ujenzi na mita kadhaa za ujazo za zege mgongoni. Akimpigia simu mtengenezaji wa lori, ataonyeshwa cheti. Akimpigia wa bodi, ataonyeshwa cheti kingine. Vyote viwili ni vya kweli.

Jambo hilohilo hutokea kwa kapasita ndogo zinazowekwa kati ya nguzo za umeme na chasisi ili kuzuia kelele za redio. Kila kifaa kinakuja na zake, na jumla yake ndiyo inayomkuta mtu anayegusa. Hutokea pia kwa kifaa cha kupima uhami chenyewe: bodi ikiletwa na kipimaji chake na kuungwa moja kwa moja kwenye mtandao wenye kipimaji cha lori, viwili hivyo husumbuana na vyote vikatoa namba za uongo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Dawa ni kugawa posho mapema. Mtengenezaji wa lori aseme kwa maandishi: bodi yako isishushe uhami chini ya kiasi hiki, isizidishe kapasita zaidi ya kiasi hiki, na kipimaji ni changu peke yangu. Hapo mtengenezaji wa bodi anajua shabaha yake kabla ya kununua hata kebo moja.

Nusu sekunde ya kuwasha

Jambo la pili la kutazama kwa karibu hutokea kwa muda mfupi kiasi kwamba dereva halioni. Ndani ya kila inveta kuna kapasita kubwa. Tuchukue ya milifaradi moja. Ikiwa tupu na ukaiunga ghafla kwenye volti 700, kitu pekee kinachozuia umeme ni ukinzani wa kebo na betri, ambao ni mdogo mno. Ukiwa sehemu moja ya kumi ya omu, ampea 7,000 zinaweza kutaka kupita kwa kufumba na kufumbua. Vidole vya shaba vya kontakta, ile swichi kubwa inayoendeshwa na kompyuta ya gari, vinaweza kuungana kama vilivyochomelewa.

Kontakta iliyoshikana ni hatari kwa namna isiyoonekana. Siku hiyo gari litafanya kazi kama kawaida. Siku ya sevisi, fundi atazima, ataona taa imezimika, atafungua kifuniko, kumbe kebo iko hai.

Ndiyo maana lori huwasha kwa hatua. Kwanza hufunga rilei ndogo inayopitisha umeme kwenye kikinza, tuseme cha omu 100. Umeme unaanza na ampea 7, kapasita inajaa taratibu, na baada ya takribani nusu sekunde volti za pande mbili zinakaribia kulingana. Hapo ndipo kontakta kuu inafunga bila cheche. Kikinza hicho kimechaguliwa kwa kapasita ambazo mtengenezaji wa lori anazijua. Fundi wa bodi akiongeza inveta yenye kapasita mara tatu ya hizo bila kumwambia mtu, kikinza kitaungua au kompyuta itakata tamaa kungoja.

Kuzima nako kuna utaratibu wake. Mzigo upunguzwe kwanza, kontakta ifunguke baadaye. Hata hivyo kapasita ile ya milifaradi moja bado imeshika jouli 245 ndani yake, na haijali kama ufunguo umetolewa. Lazima pawe na kikinza cha kuimwaga, na lazima fundi asubiri dakika ambazo mtengenezaji ameziandika, kisha apime. Kupima kwenyewe kuna adabu yake: jaribu mita kwenye chanzo unachojua ni hai, pima kebo, kisha rudi ujaribu mita tena. Mita iliyokufa katikati ya kazi huonyesha sifuri sawa na kebo iliyokufa.

Ulinzi mwingine ni waya mwembamba wa volti ndogo unaopita ndani ya kila plagi na kila kifuniko cha mfumo mkubwa. Mtu akifungua plagi, waya huo hukatika kwanza, kompyuta inajua, na kontakta zinaachia. Plagi ya bodi nayo iingizwe kwenye mzunguko huo. Na hapa nasema bila kuzunguka: kuunganisha ncha za waya huo kwa kipande cha shaba ili gari liwake ni kumtegea mwenzako mauti. Fundi wa zamu inayofuata hatajua.

Njia tano za kutoa nguvu

Mtu anayetaka kulisha kifaa cha bodi ana njia tano, na kila moja inauweka mpaka mahali tofauti.

Ya kwanza ni kubaki kwenye volti 24. Lori la umeme bado lina mfumo huo kwa taa na kompyuta, ukilishwa na kibadilishi kutoka betri kubwa. Taa za kazi, pampu ndogo na mlango wa nyuma wa kushushia mzigo hutosheka hapa, mradi jumla isizidi uwezo wa kibadilishi. Basi la mjini lenye spika kubwa, skrini na taa za kumetameta, kama tunavyoyajua matatu ya Nairobi, lihesabiwe hapa kabla hajatokea mtu wa kupendekeza kuchota upande wa chungwa.

Ya pili ni PTO ya umeme. Mtengenezaji wa lori anafunga mota na inveta yake mwenyewe, na fundi wa bodi anapewa shafti inayozunguka au mafuta ya haidroliki yenye shinikizo. Volti kubwa haivuki mpaka. Fundi aliyekuwa akifunga tipa na kreni jana anaweza kuendelea leo na ujuzi ulioongezewa kidogo.

Ya tatu ni soketi ya DC ya volti kubwa. Lori linatoa kebo ya chungwa yenye fyuzi na kontakta yake, na bodi inachukua umeme moja kwa moja. Ndiyo njia inayopoteza nguvu kidogo zaidi, na kwa kazi kubwa ina mantiki. Lakini yote niliyoeleza juu ya uhami, kapasita na cheche yanahamia kwenye karakana ya bodi.

Ya nne ni inveta yenye transfoma inayotenganisha kabisa pande mbili, ikitoa AC ya volti 400 ya fezi tatu. Makosa ya uhami upande wa bodi hayaugusi upande wa lori. Kwa ukanda wetu njia hii ina thamani ya pekee, kwa sababu kontena la friji linaloshuka bandarini limeundwa tayari kula umeme wa fezi tatu wa volti 380 hadi 460 kupitia plagi ya ampea 32. Leo likipanda barabarani hufungiwa jenereta ya dizeli. Kesho plagi ileile inaweza kuingia kwenye lori. Sharti ni kuamua nani anayeweka ethi na kifaa cha kukata uvujaji, na kifaa hicho kiwe cha aina inayotambua hata uvujaji wa DC, maana inveta zinaweza kuutoa.

Ya tano ni kuipa bodi au trela betri yake. Mpaka unakuwa safi, lakini gari sasa lina vyanzo viwili vya hatari, na tutaona hilo linamaanisha nini kwa waokoaji.

Msimamo wangu ni huu: kwa karakana zetu za sasa, njia ya pili na ya nne ndizo za kuanzia. Ya tatu iachiwe wale waliofundishwa na mtengenezaji wa lori husika na wenye vifaa vya kupimia. Nguvu kidogo inayopotea kwenye transfoma ni bei ndogo ya kulipia uhai.

Kuzima si salama kila mara

Wahandisi wa magari wamezoea kwamba tatizo likitokea, jibu ni kufungua kontakta na kukata umeme. Kwa mota ya magurudumu jibu hilo linafaa mara nyingi. Kwa bodi, inategemea bodi inafanya nini.

Lori la taka likizimika katikati ya kukandamiza, hakuna tabu. Na iwapo mkono wa mtu uko karibu, kuzimika ndiko tunakotaka. Pipa la zege likisimama kwenye jua la mchana, zege linaanza kuganda, na tani kadhaa za jiwe ndani ya pipa ni hasara na hatari ya kuvunja. Ndiyo sababu malori ya zege huwekewa njia ya dharura ya kuzungushwa na haidroliki ya lori lingine. Fundi wa nyaya aliye kwenye kikapu mita kumi na mbili juu hawezi kuachwa akining'inia: kikapu kishike pale kilipo, na iwepo pampu ya mkono ya kumshusha. Gari la zimamoto linalopeleka maji kwa askari walio ndani ya moto halina ruhusa ya kukata ghafla, na gari la Rosenbauer hubeba injini ya akiba ya dizeli ya kuzalisha umeme kwa ajili ya kazi ndefu.

Kwa hiyo kila bodi iandikiwe hali yake salama ni ipi, na kitufe chekundu cha dharura kiamuliwe kinafanya nini hasa: kinasimamisha mwendo, au kinakata umeme wote? Hayo ni mambo mawili.

Kuna upande wa pili wa hoja hii. Usukani na breki za lori zinakula kwenye betri ileile. Kreni ikipata shoti, fyuzi ya tawi la kreni lazima iungue kabla fyuzi kuu haijaungua. Zikichaguliwa bila kulinganishwa, kosa dogo la bodi linaweza kumnyang'anya dereva msaada wa usukani akiwa kwenye mteremko.

Na nishati yenyewe inahitaji mwamuzi. Friji inayokula kilowati 5 kwa wastani kwa saa nane imetumia kilowati-saa 40. Kwa lori la ukubwa wa eActros 600, linalotumia kama kilowati-saa 1.2 kwa kilomita, hizo ni kilomita 33 hivi. Kwa lori dogo la mjini lenye betri ya kilowati-saa 100, ni asilimia 40 ya uwezo wote. Bodi iwe inaomba nguvu kupitia mtandao wa data wa gari, na lori liwe na mamlaka ya kukubali, kupunguza au kukataa kwa onyo la mapema. Dereva anayetoka Naivasha na maua kuelekea uwanja wa ndege aambiwe kabla ya kuondoka, asigundue akiwa njiani.

Sheria mbili, gari moja

Hata Ulaya, kwenye kanuni nyingi, mpaka huu umepita katikati ya sheria mbili. Gari linakaguliwa chini ya sheria za magari, ikiwemo Kanuni namba 100. Kifaa kinachofungwa juu yake kinahesabiwa kuwa mashine, na kinasimamiwa na Maelekezo ya Mashine ya 2006, ambayo Kanuni mpya ya 2023 itachukua nafasi yake kuanzia Januari 20, 2027. Mkaguzi wa gari anatazama chasisi, mkaguzi wa mashine anatazama kreni. Kebo inayounganisha viwili hivyo inategemea kitabu cha maelekezo ambacho mtengenezaji wa lori humwandikia mtengenezaji wa bodi. Kitabu hicho, ambacho wengi hawakisomi, ndicho katiba ya mpaka.

Waokoaji nao wana haki katika jambo hili. Kiwango cha ISO 17840 kinaeleza karatasi ya uokoaji inayomwonyesha askari wa zimamoto mahali betri ilipo, kebo zinapopita na mahali pa kukata. Karatasi hiyo huchorwa kwa gari kama lilivyotoka kiwandani. Bodi ikiongeza kebo ya chungwa upande wa kushoto, au betri ya pili chini ya friji, karatasi imekuwa ya uongo. Askari anaweza kukata pale alipoelekezwa, akaamini gari limekufa, kisha akaingiza mkasi wa haidroliki kwenye bodi iliyo hai. Mali bila daftari hupotea bila habari; hapa kinachopotea ni zaidi ya mali.

Karakana zetu

Kuna mambo ambayo mwongozo wa Ulaya hauyapi uzito wa kutosha kwa mazingira yetu. Chumvi ya pwani hula vyuma. Kila ganda la chuma la kifaa cha volti kubwa linapaswa kuungwa na chasisi kwa njia yenye ukinzani usiofika sehemu moja ya kumi ya omu, ili vyuma viwili ambavyo mtu anaweza kuvishika kwa pamoja visiwe na volti tofauti. Kutu ya mwaka mmoja chini ya boliti inaweza kuliharibu hilo bila mtu kuona. Kipimo hicho kiwe sehemu ya sevisi, hasa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Malori ya taka na ya samaki huoshwa kwa mashine za maji ya shinikizo, na plagi zake lazima ziwe zimepitishwa kwa hali hiyo. Fremu hutobolewa na kuchomelewa wakati wa kujenga bodi, na anayetoboa lazima awe na mchoro wa kebo mkononi. Anayechomelea lazima kwanza atenge mfumo wa umeme kama kitabu kinavyosema.

Kisha kuna suala la ujuzi. Kenya, fundi anayefunga umeme wa nyumba anapaswa kuwa na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya nchi hiyo. Tanzania, leseni ya kazi hiyo hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Tumekubali kama jamii kwamba volti 240 za ukutani haziguswi na yeyote tu. Lori la volti 700 linastahili heshima isiyopungua hiyo. Ujerumani, bima ya ajali kazini imeweka ngazi za mafunzo: anayeendesha na kufanya kazi zisizogusa umeme, anayefanya kazi mfumo ukiwa umezimwa na kuthibitishwa, na wachache wanaoruhusiwa kugusa mfumo ulio hai. Vyuo vya VETA vya Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya vinaweza kuanza na ngazi mbili za kwanza bila kungoja malori yajae barabarani. Fundi wa bodi anayejua kuzima, kuzuia kuwashwa na kuthibitisha kwa mita amekwisha kuondoa sehemu kubwa ya hatari.

Yaandikwe kwenye zabuni

Mwenye uwezo wa kuuchora mpaka huu ni mnunuzi. Halmashauri inayoagiza malori ya taka, kampuni ya samaki inayoagiza malori ya friji, shirika la umeme linaloagiza gari la kikapu, wote wana jambo ambalo fundi hana: wanashika hundi. Wakiagiza chasisi kwa mkataba mmoja na bodi kwa mwingine, bila mstari wa kuunganisha, wamenunua mgogoro.

Zabuni ya lori la umeme lenye kifaa itaje mtu mmoja anayewajibika kwa gari lililokamilika. Itaje mahali nguvu itakapotokea, volti zake, ampea za juu, fyuzi na kontakta za tawi hilo, na ni nani anayepima uhami. Itake posho ya uhami na kapasita kwa maandishi kutoka kwa mtengenezaji wa lori, na kipimo cha mwisho kifanywe gari likiwa limeunganishwa lote, likiwa limeoshwa na kuloa, si vipande viwili vikavu katika karakana mbili. Itake maelezo ya hali salama ya kila kazi na jaribio la kitufe cha dharura mbele ya mnunuzi. Itake karatasi ya uokoaji iliyochorwa upya na nakala yake ipelekwe kituo cha zimamoto cha eneo husika. Na itake majina ya mafundi waliofundishwa, pande zote mbili.

Masharti hayo yanatosha ukurasa mmoja, na hakuna hata moja linalohitaji teknolojia ambayo haijagunduliwa. Chasisi za kwanza za umeme zitakazoingia karakana zetu zitaweka msingi wa mazoea yote yatakayofuata, mazuri au mabaya, kama ilivyokuwa kwa dizeli. Anayeandika zabuni mwaka huu ndiye anayeamua kama fundi wa kwanza atakayeifungua kebo ya chungwa atakuwa na mchoro, mita na mafunzo, au atakuwa na spana tu na ujasiri.